Amepewa Miaka Mitano

Kapewa na nani? Ndilo swali nililomuuliza yule mwanamke, nyundo mkononi, misumari mdomoni, ikabidi niiteme kwanza ndipo nirudie: kapewa na nani, na kaiba ng'ombe wa nani? Maana mimi ninavyojua, anayepewa miaka mitano ni mwizi, tena mbele ya hakimu.

Yule mwanamke ni wifi ya mdogo wangu, dada wa mume wake. Alikuja karakana kwangu, mimi ni fundi wa makochi, kuangalia kama kochi lake limeshavishwa kitambaa. Akakaa juu ya rundo la sponji, akashusha pumzi ya mtu mwenye siri inayomwasha ulimi, akasema, "Dada, sisi tumeshakubali. Amepewa miaka mitano, basi tutamtunza hiyo hiyo mitano. Mtoto wake yuko kwangu, hana shida yoyote."

Kwamba mtoto yuko kwake nilikuwa najua. Mdogo wangu alipasuliwa, akatolewa uvimbe kwenye ovari moja, na ovari yenyewe ikaondolewa pamoja nao. Mtoto akapelekwa kwa shangazi yake ili mama auguze kidonda. Sawa. Lakini kidonda kilishapona zamani. Mdogo wangu anapandisha ndoo ya maji ngazini bila kushika ukuta, na kila akiuliza binti yake anarudi lini, mumewe anajibu, pumzika kwanza, mke wangu. Pumzika, pumzika! Mtu anapumzishwa mpaka anatamani kumtia mtu makofi.

"Nani kasema miaka mitano?" nikamuuliza.

"Daktari. Alimwambia kaka, uso kwa uso."

"Na mdogo wangu anajua?"

Akaniangalia kama mimi ndiye mgonjwa. "Aambiwe ili iweje? Avunjike moyo?"

Haki ya nani, nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto. Nikamwambia kochi lake litakaa uchi mpaka nitakapojisikia, na mlango ni ule pale. Akatoka ananung'unika kwamba ukoo wetu mzima una midomo. Ndiyo, tunayo, na siku hiyo yangu ilikuwa na kazi ya kufanya.

Nikaenda moja kwa moja kwa shemeji. Yeye ni fundi wa friji. Nilimkuta ameingiza kichwa na mabega ndani ya friji la mtu, miguu tu inaonekana.

"Shemeji, toa kichwa humo."

"Dada, karibu, nimalizie tu hii..."

"Toa kichwa humo nisije nikakufungia!"

Akakitoa. Nikamwuliza miaka mitano ni ya nini. Uso ukamshuka palepale, akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, akaanza kusimulia. Siku ya majibu walikwenda wote wawili. Daktari alifungua mlango, akasema, mume aingie. Mdogo wangu akaachwa nje kwenye benchi, ashike mkoba wake na koti la mumewe. Mwenye tumbo anashika koti! Ndani, daktari akasema uvimbe ule ulikuwa wa saratani, tena ni aina ya nadra. Halafu akasema miaka mitano, asilimia tisini na kitu.

"Asilimia tisini na kitu ya nini?"

"Ya uhakika, dada. Yaani daktari ana uhakika zaidi ya tisini kwamba ni miaka mitano. Na ukishaambiwa ugonjwa ni wa nadra, unajua basi, hata dawa yake haijatengenezwa." Akaanza kulia, mwanamume mzima, katikati ya mafriji. "Sikuweza kuuliza zaidi. Nilisikia miaka mitano, masikio yakaziba."

Ningemwonea huruma. Nilikuwa karibu kabisa kumwonea huruma, mpaka nilipomuuliza kuhusu mtoto.

"Mtoto nilimpeleka azoee," akasema. "Azoee kuishi bila mama yake. Siku ikifika asipate mshtuko."

Azoee! Mtoto wa miaka saba! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele za watu. Nilimwambia unamfanyia matanga mtu anayekufulia soksi. Unamzika mwenzio huku anakupikia. Majirani wakatoka kuchungulia, nikawaambia na wao waingie ndani, friji halijalipuka.

Mdogo wangu nilimkuta nyumbani kwake, amekaa kwenye kile kiti cha saluni yake ambacho mumewe alikihamishia sebuleni, eti asisimame sana kusuka watu. Sikuzunguka. Nilimwambia yote kama nilivyoyasikia. Yeye si mtu wa makelele, makelele yote niliyachukua mimi nilipotangulia kuzaliwa. Akawa anakizungusha kile kiti kidogo kidogo kwa mguu.

"Kumbe," akasema mwishowe. "Kumbe ndiyo maana tangu nitoke hospitali hajalalamika hata mara moja kwamba chai haina sukari."

Nikacheka, naye akacheka, halafu yeye akaacha kabla yangu. "Kwa hiyo watu wote wanajua siku yangu ya kufa isipokuwa mimi. Na mwanangu anafundishwa." Akasimama. "Dada, vaa viatu. Na huyo bwana aje. Nataka kusikia kwa masikio yangu mwenyewe."

Hospitali tulikaa kwenye benchi lilelile. Zamu yetu ilipofika, daktari, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, alimwangalia shemeji kwanza. "Ndiyo, mzee. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Mgonjwa ni mimi," mdogo wangu akasema. "Niangalie mimi. Niambie uliyomwambia yeye."

Daktari akavua miwani, akaivaa tena. Akavuta kiti karibu. Akasema uvimbe wake ulikamatwa mapema, ukiwa bado ndani ya ovari, haukuwa umesambaa popote. Akasema aina hiyo ni nadra, maana yake ni kwamba wanaoipata ni wachache, basi. Nadra haina maana ya kwamba haina tiba. Halafu akasema, "Ukichukua wanawake mia wenye hali kama yako, zaidi ya tisini wanakuwa hai miaka mitano baada ya upasuaji."

"Na mwaka wa sita?" nikadakia. Sikuweza kujizuia. "Mwaka wa sita wanakwenda wapi?"

"Wanaendelea na maisha yao, dada. Wengi wao sana."

"Sasa hiyo mitano imetoka wapi?"

"Ni desturi yetu ya kupima. Tunaangalia wangapi wamefika hapo, ili tulinganishe ugonjwa mmoja na mwingine. Ni kituo tu cha kuhesabia."

Shemeji alikuwa amekodoa macho, midomo inacheza cheza, anahesabu upya. Mimi nilikuwa natafuta kitu cha kupiga, na palikuwa na mzani tu.

"Sitakuficha," daktari akaendelea, na safari hii alikuwa anamwangalia mwenyewe. "Aina hii ina tabia moja mbaya. Huota taratibu, na ikitaka kurudi huweza kurudi baada ya muda mrefu, hata zaidi ya miaka kumi. Ndiyo maana utakuja kupimwa damu na tumbo kwa miaka mingi. Siwezi kukuahidi kwamba haitarudi. Lakini kwa wengi waliokamatwa mapema kama wewe, hairudi."

"Kwa hiyo siku yangu huijui," mdogo wangu akasema.

"Siijui."

"Ahsante. Hilo ndilo nililokuwa nataka." Akanyanyuka, kisha akageuka. "Siku ile mbona hukuniita mimi?"

"Tumezoea kumwita mume kwanza," daktari akajibu, na nadhani alijisikia mwenyewe alivyosema, kwa sababu alitazama chini. "Samahani, mama."

Samahani! Nilimwambia samahani yake aibandike pale mlangoni, kwa maandishi makubwa, wanaokaa benchi waisome. Mdogo wangu akanivuta mkono tukatoka.

Nje shemeji alianza. Mke wangu, mimi nilidhani, mimi nilikuwa nakulinda, mimi usiku silali. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, anataka kumkumbatia. Mdogo wangu akamsogeza kwa kiganja, taratibu, kama unavyosogeza pazia.

"Tukamchukue mwanangu," akasema.

Wifi alipofungua mlango na kutuona watatu, alinirushia jicho la kochi lake, lakini hakuthubutu kusema. Mtoto alikuwa sakafuni anapaka rangi picha. Mimi nilitegemea atarukaruka. Nilikuwa nimejiandaa, hata leso nilishaitoa.

Hakuruka. Alisimama, akanyoosha gauni lake, akamtazama shangazi yake kwanza. Kisha akaja akasimama mbele ya mama yake, mikono nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo basi."

Hakusogea. Akamtazama tena shangazi.

"Tulimfundisha asiwe anang'ang'ania," wifi akasema kwa sauti ndogo. "Mwanzoni alikuwa analia kila siku. Sasa ameacha kabisa."

Niliona mdomo wa mdogo wangu unatetemeka. Kwa daktari hakutoa hata chozi. Alichuchumaa mpaka nyuso zao zikawa sawa, akamwuliza, "Umeacha kulia?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Akasogeza mdomo sikioni kwa mama yake, anajaribu kunong'ona, lakini watoto hawajui kunong'ona, sote tulisikia.

"Mama, nimeshazoea. Baba alisema nije nizoee. Nimezoea vizuri kabisa, muulize shangazi. Sasa naweza kurudi nyumbani?"

Shemeji alitoka nje. Hakuna aliyemfuata.