Kauri za Hudhurani

Kusini mwa milima ya Masikio na kaskazini mwa bonde la Urahisi ilikuwako nchi iitwayo Hudhurani, iliyojaaliwa ardhi ya rutuba, maji matamu na watu wenye adabu, lakini isiyojaaliwa hata saa moja ya utulivu. Mtu wa Hudhurani aliamka na wasiwasi, akala na wasiwasi, akalala nao kitanda kimoja, na kama ungemwuliza anahofu nini angekutazama kwa mshangao, kwa maana hakupata kujua hali nyingine. Chanzo cha yote kilikuwa kitu kidogo cha kuning'inizwa shingoni. Kila raia, tangu mtoto anayeanza kutembea hadi ajuza asiyeweza tena, alivaa kauri nyeupe ya baharini yenye siri ya kupeleka sauti: uliisogeza mdomoni, ukamtaja umtakaye, naye akakusikia popote alipo.

Hapo awali watu walipelekeana habari, mashairi, posa na ugomvi. Baadaye, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na wengi wa kuwaita na wengi wa kuwaitikia, maneno yalipunguzwa, yakapunguzwa tena, mpaka yakabaki mawili. Aitaye aliuliza, "Upo?" Aitwaye alijibu, "Nipo." Kwa maneno hayo watu walichumbiana, waliuguzana na walipeana pole za misiba, na kila mmoja aliamini kwamba ametimiza wajibu wake. Sheria nayo ilisema kwamba asiyeitikia hadi jua linatua ni marehemu. Kauri yake ilitafutwa, ikazikwa kwa heshima zote, matanga yakawekwa, na yeye mwenyewe, kama bado alikuwa na tabia ya kupumua, alihesabiwa kuwa mkosefu.

Hofu hiyo ndiyo iliyowaneemesha mafundi wa Urahisi. Walileta kauri mpya iliyojifunza sauti ya mwenyewe, na kila iliposikia neno "Upo?", likitoka kwa mtu mwingine, awe mbali au karibu, ilijibu yenyewe, bila mwenyewe kusikia wala kusumbuliwa. Watu walizipokea kwa machozi ya furaha. Hata Kadhi Mkuu, jina lake Yakini, mtu aliyesifika kwa kutokuwa na shaka juu ya jambo lolote, alitwaa jozi. Moja alimvika mama yake, Bi Wasaa, aliyekuwa mzito wa kuitikia na akimweka mwanawe roho juu kila jioni. Ya pili aliivaa mwenyewe, kwa sababu mama huyo alikuwa na mazoea ya kumwita katikati ya kesi.

Ikatokea Baraza la nchi kutaka kujua, au tuseme kutaka kusifiwa, jinsi kauri zilivyowaunganisha raia. Kazi hiyo ya utafiti alipewa mwanachuoni Dadisi binti Makini. Ilitazamiwa kwamba atakaa nyumbani kwake na kuwaita watu mmoja mmoja, naye akafanya hivyo kwa majuma mengi, akavuna "Nipo" nyingi kiasi cha kumtia kichefuchefu. Basi asubuhi moja aliivua kauri yake, ambayo ilikuwa ya zamani isiyojua kujibu, akaiacha juu ya kitanda, akaondoka kwenda kubisha milango ya watu kwa mkono wake. Alikusudia kusikiliza bila kukatizwa. Lilikuwa jambo la kiungwana na la kijinga kwa pamoja, nami simlaumu.

Aliyoyakuta yalimnyima raha. Alimkuta mwanamume aliyemwita mkewe kutwa nzima, na mke huyo yumo chumba cha pili, analia. Alikuta marafiki wa utotoni ambao kauri zao zilizungumza kila siku, na wao wenyewe wasingetambuana njiani. Usiku alilazwa na wenyeji waliomshangaa, na kesho yake akafika mtaa wa Upweke, kwenye nyumba yenye mlango wa kijani. Akabisha hodi. Hakujibiwa. Akauliza kwa desturi ya nchi, "Upo?" Sauti ya mwanamke, nzima na ya uchangamfu, ikasema, "Nipo." Lakini chini ya sauti hiyo alisikia nyingine, nyembamba, ya mtu anayeguna kwa maumivu, na kitu kikigonga sakafu polepole.

Jirani aliyekuwa akianua nguo alimwambia, "Huyo ni Bi Wasaa. Si amekuitikia?"

"Kuna mtu ameanguka humo ndani, dada. Njoo unisaidie kuvunja mlango."

"Nyumba ya aliyeitika haivunjwi ila kwa amri ya Kadhi," jirani akasema, akaingia kwake na nguo zake, akafunga komeo. Dadisi aliujaribu mlango kwa bega mpaka bega likavimba. Kisha akakimbia.

Alipofika mahakamani alikamatwa mlangoni. Jua la jana lilikuwa limetua bila yeye kuitikia. Kauri yake ilikwisha zikwa, na shangazi zake walikuwa wamevaa nyeusi. Alisimamishwa kizimbani mbele ya Kadhi Yakini, na mwendesha mashtaka, Bwana Taharuki, ambaye vidole vyake havikubanduka kwenye kauri yake, akaanza.

"Mheshimiwa Kadhi, mbele yako amesimama marehemu anayedai uhai pasipo ithibati. Aliitwa akanyamaza. Tukiwaamini wafu kwa sababu tu wanasimama na kusema, nani atalala salama katika nchi hii?"

"Nihukumuni mpendavyo," Dadisi alisema, akihema. "Nizikeni hata leo. Lakini kabla ya hapo toa amri, Mheshimiwa, mlango mmoja uvunjwe. Kuna mtu anakufa nyuma yake."

"Ushahidi wa marehemu haupokelewi," alisema Taharuki.

"Mlango wa nani?" aliuliza Kadhi.

"Mlango wa kijani, mtaa wa Upweke. Nyumba ya Bi Wasaa."

Hapakuwa na asiyejua humo mahakamani kwamba huyo ni mama wa Kadhi. Yakini alitabasamu kama mtu aliyetukanwa mbele ya wageni. Akaisogeza kauri mdomoni, akamtaja mama yake, akauliza, "Upo?"

"Nipo," ikaja sauti, nzima, ya uchangamfu. Watu wakashusha pumzi.

"Umeridhika, binti?"

"Muulize jambo jingine," Dadisi akasema.

"Jambo gani?"

"Lolote ambalo mtoto humwuliza mama yake."

Kadhi alitafuta swali, na aibu ikampanda usoni, kwa kuwa alikuwa hajamwuliza mama yake kitu kingine kwa muda mrefu na hakujua wapi pa kuanzia. Mwishowe akasema, taratibu, "Mama, upo? Umekula nini leo?"

"Nipo."

"Mama, upo? Mimi ni nani?"

"Nipo."

Yakini alisimama. Hakuahirisha kesi wala hakutoa amri yoyote. Alishuka kitini na joho lake, akapita katikati ya watu, na walipomwona anakimbia nao wakakimbia, marehemu akiwatangulia kuonyesha njia, kwa sababu Kadhi, na hili linaniuma kulisema, alikuwa ameisahau.

Waliuvunja mlango wa kijani. Bi Wasaa alikuwa sakafuni kando ya kitanda, nyonga imevunjika, midomo imekauka, mkononi ameshika kiatu alichokuwa akigongea. Alikuwa hai. Dadisi alimwinua kichwa akamnywesha maji, na Kadhi akapiga magoti mbele yake asijue aweke wapi mikono yake.

"Nilikuita tangu jana," alisema mama, kwa sauti ya kukwaruza. "Nikauliza kama upo, nikakwambia nimeanguka. Ukasema upo. Nikakuita tena nikakwambia naumia, ukasema upo. Basi nikawa nangoja, mwanangu, maana ulisema upo."

Kadhi hakuweza kumtazama. Chumba kilikuwa na giza, na macho ya ajuza yalikuwa yamefifia kwa kiu na kwa umri, akawa anapapasa hewani kutafuta uso.

"Yakini," akasema, "upo?"

Kabla Kadhi hajafungua kinywa, kauri iliyoning'inia shingoni mwake ilijibu kwa sauti yake, nzima na ya uchangamfu, "Nipo."

Mama akaurudisha mkono wake chini, akangoja.