Dau la Kasuku

"Niachie huo waya, mama watoto! Stelingi yuko mtoni, mamba wanamsogelea!"

"Wacha wamle. Zima, twende."

"Stelingi haliwi na mamba. Hata mtoto anajua."

"Na wewe unaliwa na koo. Zima nimesema!"

Tulikuwa tumefikia hapo mimi na mume wangu. Yeye kakumbatia kipaza sauti, mimi nimekamata waya upande wa ukutani, tunavutana kama watoto wanaogombea kamba ya kurukia. Alikuwa anapiga kelele, au tuseme alijaribu. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, kama mtu anaburuta kabati kwenye sakafu ya saruji. Watazamaji walikuwa mbele yetu kwenye mabenchi, wametupa visogo. Ugomvi wa mke na mume, mchana kweupe, bila kiingilio, na hakuna aliyegeuka. Kila mmoja alikuwa na hedifoni masikioni na simu mkononi. Nyaya za chaja zilitambaa kutoka kwao hadi kwenye soketi za ukutani kama kamba za ng'ombe waliofungwa zizini.

Watu humwita mume wangu Kasuku. Kazi yake ni kutafsiri filamu. Hukaa nyuma ya ukumbi juu ya kiti kirefu, hushusha sauti ya filamu, kisha husema yeye kwa niaba ya wote: shujaa tunayemwita stelingi, adui, mchumba, mama mkwe, hata mbwa. Lugha za filamu zenyewe hazijui, na hajawahi kuona kwamba hilo ni tatizo. Asubuhi huangalia filamu mara mbili bila sauti, anaamua nani kamkosea nani, basi. Kuna bwana mmoja msomi aliwahi kusimama akalalamika kwamba yule mzee kwenye filamu ni daktari, si mwizi wa kuku. Watu walimbeba wakamtoa nje. Walitaka mwizi wa kuku.

Siku hizo benchi moja lilikaliwa na watu wa mabenchi mawili. Wanaume wazima walilia humu, wakasingizia vumbi. Akifa mtu mwema kwenye filamu, ukumbi mzima ulimtukana adui kwa pamoja, na Kasuku, kwa sauti ya adui, aliwajibu matusi yao mmoja mmoja kwa majina. Mimi mwenyewe nilitukanwa hivyo mara ya kwanza tulipoonana. Nikacheka. Ndiyo maana niko hapa.

Sasa wanakuja kwa sababu ya umeme. Mtaani unakatika, hapa kuna betri. Mtu anaingia, anachomeka, anaziba masikio, anaangalia chake. Mmoja anaangalia mpira, mwingine anaangalia mtu anayekula, mwingine anaangalia mtu anayeangalia mpira. Anacheka peke yake, "hi hi hi," halafu ananyamaza. Nyumbani kwangu ni vilevile. Ninasikia kicheko chumbani kwa binti yangu, naenda kuuliza kuna nini, naambiwa, "Huwezi kuelewa, Mama." Pengine kweli. Lakini zamani kicheko kilikuwa na mwenzake. Siku hizi kila mtu ana kikopo chake cha kicheko, anakifungua, anakifunga.

Na katikati ya watu hao mume wangu anampigia mbuzi gitaa, kila siku, kwa koo lenye uvimbe.

Kuhusu uvimbe sitazunguka. Nina stashahada ya maabara, nafanya kazi hospitalini, na neno lililoandikwa kwenye majibu yake sikuhitaji kufafanuliwa. Uvimbe uko kwenye kikoromeo. Wakikata, sauti inaondoka. Wasipokata, anaondoka yeye. Mara ya kwanza alipotakiwa kulazwa alisema filamu mpya imeingia. Mara ya pili alisema mvua inanyesha, kana kwamba hospitali haina paa. Leo daktari alinikamata koridoni. Kitanda kingemngoja mpaka jioni tu, baada ya hapo anapewa mwingine. "Na mwambie," alisema, "uvimbe haupangi foleni."

Ndiyo nikaja na binti yetu, na kompyuta yake.

Wazo lilikuwa langu. Binti anatengeneza matangazo, anajua mambo hayo. Nilimpa kanda zote za baba yake, miaka na miaka ya mamba na mabwana harusi, naye akazilisha kwenye programu mpaka ikajifunza kusema kama yeye. Unaiwekea filamu, yenyewe inatafsiri. Nilifikiri hivi: mtu akijua sauti yake imehifadhiwa mahali, ataona hakuna haja ya kuzikwa nayo. Ni hesabu rahisi. Unampeleka mgonjwa akatwe, na alichokatwa unamwonyesha kiko kabatini, hakijapotea.

"Baba, sikiliza kidogo tu," binti alisema, akaweka kompyuta juu ya spika.

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Haya, huyo nyoka wako atoke kikapuni."

Binti akabonyeza. Ikatoka sauti ya mume wangu. Siyo hii ya kuburuta kabati. Ile ya zamani, nzito, yenye kicheko kilichojificha chini. Ilisema, "Ewe mamba, kabla hujaning'ata huo mguu, uliza kwanza nimekanyaga nini." Kasuku akatoa macho. Kisha akacheka mpaka akakohoa, na alipokohoa niliona anashika shingo akidhani sioni.

"Kasuku wa kasuku!" akasema. "Nani kamfundisha adabu mbaya hivi?"

"Wewe," nikamwambia. "Basi, sauti hiyo hapo. Haiendi popote. Vaa shati, twende."

"Haraka ya nini? Wewe unadhani sauti ni maji ya chupa? Hawa ni watu wangu. Wananijua toka hawana ndevu. Hako kadude kakisema maneno mawili tu, watu watapiga benchi, watauliza Kasuku yuko wapi."

"Hawasikii hata wewe, sembuse hako."

"Wanasikia. Kwa sikio moja, lakini wanasikia." Akaweka kipaza sauti mapajani. "Tuwekeane dau. Ninyamaze, kaseme hako mpaka filamu iishe. Akigundua hata mmoja, unaniacha na koo langu, na habari ya hospitali nisiisikie tena. Asipogundua hata mmoja, nakwenda. Leo hii. Sitasema mvua."

"Na usiwakonyeze."

"Na wewe usiwapige teke."

Tukakubaliana. Binti akaunganisha kompyuta kwenye spika, Kasuku akafumba mdomo na kukunja mikono, na filamu ikaendelea na sauti yake bila yeye.

Nilikuwa na uhakika wa kushinda. Nilikuja kushinda. Lakini stelingi alipotoka mtoni na ukumbi ukakaa kimya vilevile, nikajikuta nawatazama wale watu visogo, kimoja baada ya kingine, natafuta kimoja kitikisike. Mpiga rangi wa mtaa wa pili, ambaye siku ya harusi yetu alisimama akadai Kasuku atafsiri hotuba ya baba yangu, alikuwa anasogeza kidole juu ya kioo, juu, juu, juu. Pembeni yake muuza viatu alisinzia na simu ikimmulika kidevu.

Nikakohoa. Sijui kwa nini nilikohoa. Kasuku akanitazama akainua nyusi, maana nilikuwa navunja dau kwa faida yake.

Halafu programu ikakosea. Stelingi, dume zima lenye ndevu, akasimama mlangoni kwa wakwe na kusema kwa sauti nyororo ya mama mkwe, "Mwanangu, umekonda, hawa watu wanakulisha nini?" Na mama mkwe naye akajibu kwa sauti nzito kwamba atalipiza kisasi kwa damu. Binti akaziba mdomo. Kasuku akainama mbele, mikono imeshika magoti. Zamani kwa kosa kama hilo viatu vingeruka. Nikajisemea, sasa hivi. Jamani, mmoja tu.

Mpiga rangi akatoa hedifoni.

Akageuka. Mume wangu akanyooka kwenye kiti kama mwanafunzi aliyeitwa jina. Mimi, niliyekuja na kitanda cha hospitali kichwani, moyo ukaniruka kwa furaha. Mungu anisamehe.

"Shemeji," mpiga rangi alisema, "mbona chaja haiingizi?"

Nikatazama ukutani. Tulipovutana waya, tulikuwa tumeichomoa yake. Nikaichomeka.

"Imeingia?"

"Imeingia. Asante." Akataka kurudisha hedifoni sikioni.

Sikuweza kujizuia. "Filamu unaionaje leo?"

Akaitupia televisheni jicho, kama mtu anayeangalia saa. Mama mkwe bado alikuwa anaapa kuua. "Nzuri," akasema. Kisha, bila hata kumtazama mtu aliyekaa kimya nyuma yangu, akaongeza, "Naona Kasuku koo limepona. Leo sauti iko safi." Akaziba masikio.

Filamu ilikuwa haijaisha. Kasuku hakungoja. Alishuka kwenye kiti, akakisukuma ukutani, akachukua shati lake kwenye msumari. Alifunga vifungo vyote, hata cha shingoni, ambacho tangu uvimbe uanze hakukifunga.

"Baba, nizime?" binti akauliza.

Alimtazama kidogo, akatikisa kichwa kukataa. Akapita kati ya mabenchi badala ya kupita pembeni. Mtu mmoja alisogeza miguu ili apite, macho kwenye simu.

Njiani nilimwambia maneno mengi. Kwamba watu ndivyo walivyo siku hizi, kwamba siyo yeye, kwamba daktari ni mzuri, kwamba kuna watu wanaoishi miaka mingi wakiandika kwenye kibao. Yote ni kweli, na yote yalikuwa makapi. Nilimwomba aniambie chochote, hata matusi. Akaonyesha koo lake kwa kidole, akaonyesha hospitali.

Wodini muuguzi alimuuliza jina. Nikajibu mimi. Akamuuliza kama amekula. Nikajibu mimi. Kasuku alivua viatu, akavipanga chini ya kitanda, akapanda, akalala chali akitazama juu.