Hapana Kumi

Mama Rula aliingia chumba cha kliniki ya maumivu akichechemea, mkoba kaukumbatia kifuani. Muuguzi alijikuta amesimama wima. Mwanamke huyu ndiye aliyemfundisha kazi: kumchoma mgonjwa sindano bila kumtisha, kupiga mstari kwenye rejista kwa rula, na jina la utani lilitokana na hilo. Sasa alikuwa mstaafu, nyonga imetiwa vyuma, na huu ulikuwa mwezi wa tisa anameza mofini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa wewe! Ndoa imekukubali."

Wakacheka. Kisha muuguzi akavuta dodoso. Kila aliyetaka kuongezewa dawa aliulizwa maswali kumi. Majibu ya ndiyo yakifika manne, hapewi mpaka aonane na daktari wa uraibu.

"Samahani mama, ni utaratibu tu."

"Samahani ya nini? Hayo maswali niliyatafsiri kwa Kiswahili mimi mwenyewe. Uliza."

"Umewahi kumeza dawa zaidi ya ulivyoandikiwa?"

"Hapana."

"Umewahi kuzitafuta kwingine zilipokwisha?"

"Hapana."

"Umewahi kuwaficha ndugu zako kiasi unachotumia?"

Mama Rula akageukia dirisha. Kamasi nyepesi zilimchuruzika, jasho limemtoka juu ya mdomo na feni inazunguka, vinyweleo vya mikono vimemsimama. Muuguzi aliyaona yote: dalili za mwili uliozoea dawa na sasa unaidai. Kuyaona alifundishwa na huyuhuyu.

"Andika hapana."

"Mama, lakini..."

"Nimesema hapana. Usinivue nguo mbele ya watoto niliowalea."

Muuguzi akaandika hapana, na nyingine, mpaka swali la kumi. Jumla: sifuri. Daktari, ambaye foleni yake ilifika kwenye ngazi, aliitupia jicho ile sifuri akatia sahihi.

Siku ya kumi na tisa tangu hapo alikuja mdogo wake Mama Rula, macho mekundu.

"Dada ametutoka. Alilala Jumanne, hakuamka."

Akamimina mfuko mezani. Zilikuwa paketi tupu za mofini kutoka maduka manne ya dawa.

"Nilikuwa nalala naye chumba kimoja, sikujua lolote. Wewe ulijua?"

Muuguzi angeweza kusema hapana. Hata karatasi ingemtetea.

"Nilijua."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilimwonea haya."

"Haya!" Mdogo mtu akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akalia mpaka kwikwi zikamkaba. Muuguzi alisimama pembeni, hajui mikono aiweke wapi.

Alasiri ileile alikwenda kwa daktari akaeleza yote. Akapewa barua ya onyo, akaitia sahihi bila kuisoma. Halafu akamsindikiza mdogo mtu, aliyekuwa bado amekaa palepale, hadi getini, akimbebea mfuko.

"Alikuwa anakusifu sana nyumbani," mdogo mtu alisema wakiagana. "Alisema katika wote aliowafundisha, wewe ndiye mwenye macho."

Muuguzi alitamani angetukanwa.