Matope ya Mtakatifu Orbán

"Pua tena?" Ilka alimuuliza mumewe. "Utaikwangua mpaka Mtakatifu akose pa kunusia divai."

Vendel aliendelea kukwangua. Alikuwa juu ya ngazi iliyoegemea sanamu, kwenye njia panda ya mashamba ya mizabibu, na patasi aliyoifua mwenyewe kutokana na msumari wa reli. Siku sita za juma alikuwa kibarua wa reli. Ya saba alichonga na kupaka rangi. Hakuna aliyemfundisha. Alianza kwa kuchora kwenye milango ya makabati, moja baada ya jingine, mpaka Ilka akalifunika kwa shuka kabati lililosalia. Kisha vita vikapita, kifaru kikaivunja sanamu ya mawe ya Mtakatifu Orbán, mlinzi wa mizabibu, naye Vendel akajitolea kuchonga nyingine kwa gogo la mjozi. Kazi hiyo ilimla majira mawili ya baridi.

Desturi ya kijiji haina maneno mengi. Sikukuu ya Orbán ikija na jua, sanamu humwagiwa divai. Ikija na baridi, hupigwa matope. Mwaka jana jua liliwaka. Watu walikuja na magudulia yao, wakanywa, wakaimba, wakarudi makwao. Sanamu ilibaki kavu kama kuni. Na Mzee Gáspár, akijifuta masharubu, akasema mbele ya watu wote: "Huyu si Orbán. Huyu ni mkuu wa kituo cha treni, kaazima kofia ya askofu."

Leo, sikukuu tena, sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imeshuka alfajiri. Bonde zima machipukizi yalikuwa meusi kama tumbaku.

"Shuka twende nyumbani," Ilka alisema. "Watakuja na hasira zao."

"Na wasipokuja?"

"Utamshukuru Mungu."

"Wasipokuja, jioni namletea shoka."

"Wenzako huomba sifa. Wewe unaomba matope."

Alimwachia mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe, akaondoka. Vendel hakuugusa. Alishuka, akapanda, akashuka tena. Alikaza skrubu iliyokwisha kukazwa. Alirudi nyuma hatua kumi kuutazama uso, ukamchukiza. Akarudi nyuma ishirini, ukamchukiza zaidi.

Watu wakaanza kupita. Walikwenda mashambani mwao, wakavunja chipukizi mojamoja, wakalisaga kati ya vidole, wakarudi wameinamisha vichwa. Mzee Gáspár alipita bila hata mzaha, na hilo lilimuuma Vendel kuliko mzaha wenyewe. Hakuna aliyeinua macho. Nani hupigana na mkuu wa kituo?

Wa mwisho kurudi alikuwa mjane Rozália. Hakuwa na kingine duniani ila mistari kumi na miwili ya mizabibu. Aliipita sanamu. Akasimama. Akageuka, akachota matope mtaroni kwa mikono yote miwili.

"Sogea, Vendel. Sina ugomvi na wewe."

Vendel akasogea.

"Orbán!" mama yule alipaza sauti, na sauti ikamkatika. "Majira yote ya baridi nakuwashia mishumaa, mzee mzima, halafu unanifanyia hivi? Huna haya?"

Matope yakampiga Mtakatifu kifuani. Mzee Gáspár alikuwa keshageuka njiani, anarudi mbio, kofia mkononi.

"Mwongeze, Rozi! Lala, Orbán, lala! Sisi tunaganda, wewe umelala!" Bonge lake likanata kwenye kofia ya uaskofu. Kutoka njia ya kijijini watu wakaanza kurudi, mmoja, watatu, kisha kundi, kila mtu akimtukana Mtakatifu kwa jina lake.

Vendel alisimama kando, patasi mkononi.

"Na wewe?" Rozália akamgeukia, mashavu yamelowa. "Mistari yako mitatu haikuungua? Unamwonea haya?"

Vendel akaweka patasi chini, akainama mtaroni. Udongo ulikuwa baridi na mzito, na vidole vyake, kwa mazoea, vikaanza kuupa umbo.

"Usiufinyange, wewe!" Rozália akamfokea. "Tupa!"

Akautupa. Ukamgonga Orbán begani, ukang'ang'ania hapo, maji yakamtiririka mkononi mpaka kwenye kishada cha zabibu alichochongewa kukishika. Nyuma ya Vendel mtu mwingine alikuwa tayari anainama.