Zimwi Jeupe

Tuseme ukweli tangu mwanzo, maana jambo hili halitaki kuzungushwa: wakati mwalimu anamsahihisha mwanafunzi wake Kimya sarufi, mdogo wake Kimya alikuwa amenasa ndani ya friza bovu nyuma ya stoo ya shule, na hewa ilikuwa inamwishia. Mwalimu hakujua. Angejua, angeruka hata dirishani. Lakini hakujua, na hapo ndipo penye uchungu wote.

Watoto walimwita Mwalimu Zimwi, naye jina alilipenda. Darasa lake lilikuwa la watoto wageni, waliofika na wazazi wao kutoka huku na kule, kila mmoja na lugha ya kwao, Kiswahili hata cha kuombea maji hana. Walimu wenzake walifundisha kwa ubao na ngeli. Yeye alifundisha kwa hadithi, na hadithi yenyewe ilikuwa moja tu, ya zimwi lenye njaa isiyokwisha. Kila siku zimwi linameza mtu, na kila mtoto anachagua nani amezwe.

"Limemmeza nani leo?"

"Limemmeza mjomba wangu!"

Darasa zima hoi kwa kicheko. Zimwi lilikwisha kulishwa mashangazi, madereva, majirani, hata daktari wa meno, na bado halikushiba. Na watoto walikuwa wanasema, bwana! Wote walisema, isipokuwa huyu mmoja waliyempa jina la Kimya. Muhula mzima hakufungua kinywa. Ukimuuliza kitu, anatikisa kichwa, basi. Mapumziko yakifika, anakwenda kumchukua mdogo wake chekechea, wanacheza wawili peke yao.

Siku hiyo mwalimu mkuu aliketi nyuma ya darasa, mkoba mapajani, sura imekunjwa kama nguo iliyolaliwa. Asubuhi alikuwa ameshampa Mwalimu Zimwi vidonge vyake. "Hizi ngano zako nimezivumilia vya kutosha. Leo nimsikie yule mtoto wako bubu anasema, la sivyo kesho ni ngeli na ubao."

Basi Mwalimu Zimwi alikuwa anasimulia, jicho moja kwa watoto, jingine kwa mkuu. Kiti cha Kimya kilikuwa kitupu. Siku zote hachelewi, leo ndiyo kaona achelewe! Roho ikamwuma kwa hasira.

Mara mlango ukafunguka kwa kishindo. Kimya huyo, vumbi magotini, anahema. Alikuwa ametoka mbio kule nyuma ya stoo, walikokuwa wanacheza kujificha yeye na mdogo wake. Njiani alimkuta mpishi, akamlilia kwa lugha ya kwao, na mpishi, sufuria mikononi, akamjibu, "Kimbia, mwanangu, kengele imeshalia!" Akakimbia kwa mtu pekee aliyewahi kumpa maneno. Akasimama mbele ya mwalimu wake, akayakusanya yote aliyokuwa nayo.

"Zimwi nyeupe amemeza mdogo yangu."

Lo! Darasa likalipuka. Makofi, vigelegele, watoto wanapiga madawati. Kimya kasema! Mwalimu machozi yakamlengalenga. Akamtupia mkuu jicho, na mkuu, ajabu, alikuwa ameanza kutabasamu. Furaha ikampanda mwalimu kichwani, nayo ikamziba macho.

"Vizuri sana, mama! Ila tunasema zimwi jeupe. Jeupe. Limemmeza mdogo wangu. Haya, tena."

Na wako watu wazima chungu nzima wanaosema zimwi amemeza, wanakula na kulala bila wasiwasi. Lakini mkuu yupo, na mwalimu alitaka mambo yanyooke.

Kimya akamtazama kana kwamba amepigwa kofi. Midomo ikatetemeka. "Zimwi je... jeupe. Limemeza..."

"Limem-meza. Darasa zima!"

"Limem-meza!" darasa likaitikia.

Kimya akamshika mwalimu sketi, akaivuta kuelekea mlangoni, machozi yanachuruzika. Mwalimu akacheka kwa upole. "Tazama anavyoigiza!" akamwambia mkuu. "Mtoto ana kipaji huyu!"

"Mwalimu, zimwi si jeupe!" mmoja akadakia kutoka dawati la mbele. "Zimwi letu jeusi!"

Kweli. Walilichora wenyewe kwa mkaa, liko pale ukutani, jeusi tii. "Haya, jeusi. Sema jeusi, mama, halafu ukae."

"Hapana!" Kimya akapiga mguu chini. "Jeupe! Mlango hapana fungua! Mlango!"

Mwalimu alikuwa ameshafungua kinywa kuisahihisha nayo hiyo. Kinywa kikabaki wazi. Zimwi lake lilikuwa na meno, ulimi, koo na tumbo, kwa sababu hayo ndiyo aliyoyafundisha. Mlango halikuwa nao. Mtoto gani anaingia kwenye hadithi na mlango wake mwenyewe?

Akamshika mabega. "Yuko wapi? Mdogo wako yuko wapi?"

Kimya alikuwa ameshageuka. Wakatoka mbio, mwalimu viatu vikamvuka uwanjani, hakuvirudia. Nyuma ya stoo, katikati ya madawati mabovu, liliwekwa lile friza la zamani la jikoni, sanduku refu, jeupe, la kulala chini. Komeo la nje lilikuwa limejiangukia lenyewe, likakwama kwa kutu. Pembeni yake palikuwa na alama za damu za vidole vidogo vilivyolihangaikia.

Mwalimu akalivuta. Likakataa. Akavuta tena, kucha zikakatika, akapiga ukelele ambao shule nzima iliusikia. Mpishi akaja na mwiko wa chuma, wakauchomeka, wakakandamiza wote wawili. Komeo likaruka.

Mtoto alikuwa amejikunja mle ndani, amelowa jasho, midomo imekuwa ya kijivu. Mpishi akamnyanyua, kichwa kikalegea begani kwake. "Amka baba, amka," akawa anampigapiga mgongoni, sauti inamkatika. "Amka, baba yangu!" Ukapita muda ambao mwalimu asingetaka kuuishi tena. Kisha mtoto akakohoa, akavuta pumzi kwa nguvu, akalia. Hakuna kilio kitamu kama kile. Mpishi naye akalia.

Mwalimu akakaa chini mavumbini. Mkuu alikuwa amefika, mkono kinywani. Ndipo mwalimu akamtafuta Kimya.

Kimya alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma, kichwa chini, kama mtoto anayengoja kuadhibiwa. Alipoona anatazamwa, akasogea.

"Samahani, mwalimu. Mimi nimekosea. Nimesema nyeupe. Nimesema amemeza. Wewe hapana elewa."

Kisha akavuta pumzi, akaisema yote upya, polepole, anamchungulia mwalimu usoni kwa kila neno: "Zimwi jeupe limemmeza mdogo wangu."

Mwalimu akamvuta kifuani. "Ulisema sawa," akamwambia. "Ulisema sawa tangu mwanzo, mama."

Lakini maneno hayo, "sawa" na "tangu mwanzo", Kimya alikuwa hajafundishwa. Akadhani amekosea tena, akaanza kuirudia sentensi yake.