Pointi za Mura

Machage alikuwa amechoka na sikukuu hata kabla haijaanza. Koo lilimkwaruza, mgongo ulimuuma, na ile Jumamosi ya kwanza ya Desemba ambayo mashabiki wa filamu wa Nkende, mjini Tarime, huisubiri mwaka mzima, yeye aliiona kama zamu ya kazi. Filamu nne za bondia mmoja, asubuhi mpaka jioni, zote za Kiingereza, na mtafsiri ni yeye peke yake, mzee wa miaka sitini na moja mwenye kipaza sauti kilichozungushiwa selotepu.

Hebu waone wenyewe. Watu wazima, wenye wake na watoto, wanaamka alfajiri kupasua mayai mabichi kwenye vikombe na kuyagugumia huku wamekunja nyuso. Wanapanda mbio kilima cha shule ya msingi, wanafika juu roho juu juu, wananyoosha mikono hewani. Kisa nini? Kwa sababu bondia wa kwenye filamu, maskini wa Mungu asiyejulikana na mtu, alifanya hivyo. Kisha wanashuka na matope mpaka magotini na kujazana kwenye kibanda umiza cha Machage, banda lake la kuonyeshea video, kutazama kilekile walichokitazama mwaka jana na mwaka juzi.

Jina halisi la bondia huyo hawana habari nalo. Machage ndiye aliyembatiza Mura, yaani kijana wa kiume kwa Kikurya, tangu siku za kanda za video na deki, na Mura akabaki Mura.

Ukweli ni kwamba Machage hakuwahi kujua Kiingereza. Alikuwa na kile cha kuombea maji tu. Kilichomweka mjini ni mdomo: alimtazama mtu usoni akajua anasema nini, au angalau anapaswa kusema nini, na watazamaji walitoka wameridhika. Siku ile ya kwanza kabisa, filamu ya kwanza ilipofika mwisho, kengele imelia, ulingo umejaa watu, mtangazaji anabwabwaja, Mura kavimba macho anamwita mchumba wake, na mchumba anakuja mbio kumkumbatia, Machage hakujiuliza mara mbili. Tarime hii nani aliwahi kukumbatiwa kwa kushindwa? Akatangaza kwamba Mura ameshinda. Banda nusura lianguke, na sikukuu yote ilizaliwa pale. Filamu ya pili ilipowaonyesha watu walewale wakipigana tena, hakukosa la kusema: bingwa alikuwa amekataa kutoa mkanda.

Aliyemfungua macho ni binti yake Agustina, mwalimu wa Kiingereza huko Mugumu. Alikuja likizo, akakaa benchi la nyuma, na watu walipotoka akamwambia baba yake taratibu kwamba majaji walimpa bingwa. Mura alishindwa kwa pointi. Alichokuwa anakitaka, alisema Agustina, ni kumaliza raundi zote akiwa wima, na hilo alilipata. Machage alimsihi asimwambie mtu. Hiyo ni miaka tisa sasa.

Angeweza kuishi na uongo ule, maana uongo wa filamu haumuui mtu, kama si Joram.

Joram ni mdogo wake Boke, mke wa Machage. Alikulia kwenye benchi la mbele la banda lile, na nyumbani akawa anapiga ngumi gunia la pumba lililoning'inia kwenye boriti ya zizi. Alipofika miaka ishirini na minne alikwenda Musoma kuzichapa na bingwa wa kanda, raundi kumi, akashindwa kwa pointi. Alirudi jicho moja limevimba mpaka limefungika, lakini kwa miguu yake mwenyewe. Na Machage, ambaye siku hiyo alikuwa na banda limejaa watu waliotaka kuchekeshwa, alimpokea kwa kipaza sauti: Mura wa kweli hashindwi kwa pointi. Watu wakacheka. Joram naye akacheka. Wiki iliyofuata alikwenda Nyangoto kuchimba dhahabu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, hakuvaa glovu tena, na hakukanyaga sikukuu kwa miaka ishirini na miwili.

Sasa alikuwa amerudi. Kifua kilikuwa kimejaa vumbi la mawe, daktari alikuwa amemkataza shimo, na alikuwa akikaa chumba cha uani kwa dada yake. Asubuhi hiyo alimwamkia shemeji yake shikamoo, akasema watakwenda bandani pamoja. Alitaka kumwona Mura akishinda walau mara moja zaidi.

Machage alishindwa kumalizia chai yake. Akisema kweli, ataua sikukuu na kujivunjia heshima. Akinyamaza, Joram atakwenda kaburini akijiona ndiye Mura pekee aliyeshindwa.

Filamu ya kwanza ilianza. Machage alitafsiri kama kawaida, sauti ikikatika, na kila mara macho yake yaliacha kioo yakaenda benchi la mbele, alikoketi Joram ameshika magoti. Kengele ya mwisho ilipolia, mabenchi yalikuwa yameshasimama kungoja ile sentensi.

"Mura ameshindwa," Machage alisema. "Kwa pointi. Alishindwa tangu siku ya kwanza, mimi ndiye sikujua."

Banda zima likacheka. Ryoba, mwenyekiti wa mashabiki, alisimama akasema mzee amechoka, apewe maji. Mwingine akasema huo ni umri. Halafu wote wakatoka nje wakarukaruka na kushangilia ushindi kama kila mwaka, kwani mbuzi alikuwa ameshachinjwa na ngoma imeshawambwa. Machage alisikia uchungu. Miaka tisa alikuwa ameibeba sikukuu ile mgongoni akiogopa kuiua, kumbe yenyewe haikuwa na haja naye.

Joram hakutoka. Aliomba arudishiwe pale mwisho, bila tafsiri. Wakatazama wawili, mara moja, halafu mara ya pili.

"Mbona anafurahi?" Joram aliuliza.

"Alitaka kumaliza akiwa amesimama. Basi."

Joram alikohoa kwa muda mrefu, mkono kifuani. Machage alisimama karibu naye asijue kama amshike au amwache.

"Mimi nilimaliza nimesimama," Joram alisema.

"Najua."

"Ulijua lini kwamba huyu alishindwa?"

Pale Machage angeweza kudanganya. Ni neno moja tu, na hakuna ambaye angemuumbua. Lakini alikuwa amechoka hata kudanganya.

"Mwaka wa tisa huu."

Joram aliitikia kwa kichwa polepole, macho yakiwa bado kwa yule bondia aliyevimba uso.

"Kutojua Kiingereza nimekusamehe, shemeji. Hata mimi sikijui. Lakini miaka tisa yote nilikuwa Nyangoto hapo tu, na magari yalikuwepo kila siku."

Machage alikiweka kipaza sauti sakafuni, akaketi benchi la mbele, kando yake.