Meno ya Rafu ya Pili

Jumatatu moja bosi wangu aliingia saluni na waya za meno. Ana miaka sitini na mmoja. Watu wa rika lake wanang'olewa, yeye anafungwa.

Saluni yetu ni viti viwili, yeye cha dirishani, mimi cha mlangoni, na benchi la watu ambao hata hawanyolewi, wamefuata maneno tu. Siku hiyo benchi lilishiba.

"Mzee, hilo geti la nini? Unaogopa ulimi utatoroka?"

"Bwana harusi huyo! Muulizeni bibi harusi ana miaka mingapi."

Yeye akapuliza nywele kwenye mashine, akaendelea na kisogo cha mteja.

La bibi harusi, nisiwafiche, nililianzisha mimi. Mkewe alikuwa na miezi mitatu tu kaburini, na sikuona sababu nyingine ya mgane kunyoosha meno. Nilimwambia mtu mmoja asubuhi. Kufika jioni mtaa mzima unajua mpaka rangi ya gauni la huyo msichana.

Kazi ya kunyoosha ilikuwa ya mwaka mmoja na nusu. Ikafika miwili na nusu, waya ziko palepale. Siku moja ncha ikachomoka ikamchoma shavu kwa ndani, akaniomba nimsindikize kwa daktari. Nilikwenda mbiombio. Nilitaka kumwona msichana.

Msichana hakuwepo. Kulikuwa na kiti, taa kali, na nyuma ya daktari rafu zilizojaa meno ya plasta nyeupe, ile ya kufungia mguu uliovunjika. Kila mgonjwa siku ya kwanza anang'ata tope fulani, wanamimina plasta, wanapata nakala ya kinywa chake.

"Mzee, vimpira vya kuvuta meno nilivyokupa huvai," daktari alilalamika. "Ungeshamaliza zamani."

Bosi wala hakumwangalia. Macho yalikuwa kwenye rafu ya pili.

Tulipotoka tukakaa kwenye ngazi. Akasema bila kunitazama:

"Tulikuja wawili hapa."

"Na nani?"

"Na mama watoto. Wazo lilikuwa lake. Miaka thelathini na minne kila mtu anacheka nyuma ya kiganja chake. Akasema tunyooshe, tuzeeke tunachekana waziwazi. Tukang'ata lile tope siku moja. Alicheka mpaka udenda ukamshukia kwenye gauni. Waya hakuwahi kuzivaa."

Akalipapasa shavu lililochomwa, akaendelea:

"Picha zote nyumbani ameziba mdomo. Hata ya harusi. Meno yake yamebaki pale tu. Na dada wa mapokezi alishaniambia, mtu akimaliza wanatupa."

"Kwa hiyo humalizi."

"Simalizi."

"Si uyaombe tu, mzee wangu?"

"Wakikataa je? Sasa hivi angalau kila mwezi nayaona."

Nikainuka. Mdomo uleule uliomchafulia jina nikaurudisha mapokezi. Dada akanishangaa.

"Ya mama? Si angesema! Faili lao ni moja, ndiyo maana bado yapo."

Akayatia kwenye mfuko wa plastiki. Hazikupita hata dakika mbili.

Hapo ndipo bosi alipoanza kuvaa vimpira. Baada ya miezi mitano waya zikatolewa. Yale ya plasta akayaweka chini ya kioo, kati ya poda na brashi, jino moja la mbele limempanda jirani yake. Benchi nililiambia kila kitu, na safari hii ulikuwa ukweli mtupu. Hakuna aliyetania.

Jumamosi akaja bintiye, yule aliyeolewa mbali. Akatusalimia wote, akamsifia baba yake meno. Halafu akayaona yale chini ya kioo. Akayachukua, akayageuzageuza, akaangua kicheko.

"Baba, haya ya nani? Jamani, limekaaje hili!"

Benchi zima likatazama sakafu. Mimi, ninayejulikana kwa maneno, nikashika ufagio.

Bosi akafungua mdomo amjibu, meno yamenyooka kama kitana kipya. Kisha mkono ukapanda wenyewe, ukayafunika.